Uwindaji wa Jumapili Katika Ardhi ya Umma: Jinsi Sheria ya Zamani Ilivyolegezwa Huko Marekani

Katika nchi ya Marekani iko sheria ya zamani ambayo imewagawanya majirani kwa miaka mingi. Sheria hiyo ilimkataza mtu kuwinda siku ya Jumapili. Katika majimbo kadhaa ya mashariki ya nchi hiyo ilidumu zaidi ya miaka mia moja, na ilipoanza kulegezwa haikulegezwa mahali pote kwa wakati mmoja. Aghalabu ilifunguliwa kwanza katika mashamba ya watu binafsi, na ardhi ya umma ikaachwa nyuma.

Msomaji wa Kenya yafaa akumbuke tofauti moja tangu mwanzo. Nchini Kenya uwindaji wa wanyama wa porini ulipigwa marufuku mwaka 1977, na habari hizi hazielezwi ili mtu achukue bunduki aingie msituni. Walakini swali lililomo ndani yake ni swali linalojulikana katika kila kijiji chenye malisho ya pamoja, kisima cha pamoja au msitu wa serikali. Kitu kilicho mali ya watu wote kitatumiwaje, ikiwa matumizi ya mmoja humzuia mwingine? Na sheria ya wazee ikionekana imepitwa na wakati, itabadilishwa kwa njia gani ili jirani asidhulumiwe?

ASILI YA KATAZO

Walowezi wa Kiingereza waliofika Marekani katika karne ya 17 walikuja na desturi ya kuitunza Jumapili kwa ukali. Walitunga sheria za kukataza kazi, biashara na michezo siku hiyo, na uwindaji ukatiwa katika fungu lilo hilo. Miaka ilivyopita, sheria nyingi za namna hiyo zilifutwa. Maduka yalifunguliwa, michezo ikachezwa, na majimbo mengi yakawaruhusu watu kuwinda siku zote za juma wakati wa msimu. Lakini katika majimbo machache, hasa yale ya upande wa mashariki, katazo la uwindaji lilibaki.

Katika jimbo la Pennsylvania katazo hilo lilianza mwaka 1873. Katika jimbo la Virginia sheria ilitangaza kwamba Jumapili ni siku ya mapumziko kwa wanyama na ndege wote wa porini, isipokuwa mnyama mmoja tu. Huyo ni rakuni, mnyama mdogo atembeaye usiku, ambaye watu humwinda kwa mbwa. Yeye aliweza kuwindwa mpaka saa nane za usiku wa kuamkia Jumapili. Pennsylvania nayo iliwatoa mbweha, kunguru, na wale mbwa-mwitu wadogo waitwao koyoti, kwa kuwa watu waliwahesabu kuwa waharibifu. Kwa hiyo hata katika siku za ukali wake katazo hili lilikuwa na milango midogo, nayo iliwekwa na watu kwa ajili ya haja zao.

Watu wengine waliuliza kama serikali ina haki ya kuitenga Jumapili kwa sheria, ikiwa raia si wa dini moja. Swali hilo lilifika katika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1961, katika kesi ya jimbo la Maryland iliyohusu uuzaji wa bidhaa siku ya Jumapili. Mahakama, ikiongozwa na Jaji Mkuu Earl Warren, ilikubali kwamba sheria hizo zilizaliwa katika dini. Lakini ilisema kwamba sasa zaweza kusimama kwa sababu nyingine, yaani kuwapa watu wote siku moja ya kupumzika kwa pamoja. Tangu hapo ilikuwa wazi kwamba atakayetaka kuondoa katazo la namna hiyo hana budi kwenda bungeni, akawashawishi wajumbe wa jimbo lake.

MNYAMA NI WA NANI, NA ARDHI NI YA NANI?

Ili kuelewa ugomvi huu, ni lazima kutofautisha mambo mawili. Huko Marekani mnyama wa porini si mali ya mwenye shamba. Kulungu akiingia katika shamba la mtu, hawi wake kama ng'ombe wake alivyo wake. Wanyama wa porini huhesabiwa kuwa amana ya watu wote, nayo serikali ya jimbo huwatunza kwa niaba yao. Serikali ndiyo huweka misimu ya kuwinda, hutoa laiseni, na huamua idadi ya wanyama ambao mtu mmoja aweza kuwaua.

Ardhi ni jambo jingine. Mwenye shamba aweza kumkataza mtu yeyote asiingie kwake na bunduki, hata ikiwa msimu umefunguliwa. Bali katika ardhi ya umma hakuna bwana mmoja wa kutoa ruhusa. Katika Virginia peke yake, misitu ya taifa ya George Washington na Jefferson ina zaidi ya ekari 1,500,000. Huko Pennsylvania, idara ya wanyama ya jimbo, iliyoanzishwa mwaka 1895, yatunza karibu ekari 1,500,000 za ardhi iliyotengwa kwa ajili ya wanyama na uwindaji. Ardhi hiyo ni ya mwindaji, na ni ya mtu apandaye milima kwa miguu, na ya yule apandaye farasi, na ya mama aliyewaleta watoto wake kutazama ndege. Wote ni wenyewe, na kila mmoja ana haki sawa na mwenzake.

Hapa ndipo ugumu ulipo. Katika shamba la mtu binafsi, neno la mwenyewe humaliza maneno. Katika ardhi ya watu wote, ruhusa ya mmoja ni jambo la wote, na ni sheria tu iwezayo kuamua.

HOJA ZA WALIOTAKA KATAZO LIONDOLEWE

Hoja ya kwanza ilikuwa ya mtu wa kazi. Mfanyakazi wa kiwandani au wa ofisini hufanya kazi tangu Jumatatu mpaka Ijumaa, na mtoto wake huwa shuleni siku hizo hizo. Ikiwa Jumapili imekatazwa, amebakiwa na Jumamosi peke yake. Mvua ikinyesha Jumamosi, au ikiwa ana harusi au maziko, juma lote limepotea. Msimu wa kulungu kwa bunduki katika Pennsylvania ni wa majuma mawili tu. Mwaka 2025 msimu huo ulikuwa na Jumamosi tatu na Jumapili mbili. Mtu wa kazi aliyekuwa na siku tatu, akiongezewa Jumapili hizo, huwa na siku tano.

Hoja ya pili ilikuwa ya mkulima. Kulungu wa huko, mwenye mkia mweupe, alikuwa karibu kutoweka katika Pennsylvania ifikapo mwaka 1900. Tangu mwaka 1906 jimbo lilianza kuwaleta kulungu kutoka majimbo mengine na kuwaachilia porini. Walindwa, wakazaana, na siku hizi katika mahali pengi wamekuwa wengi mno. Hula mahindi na soya, huguguna miche ya matunda, na huruka barabarani mbele ya magari usiku. Mkulima aonaye shamba lake likiliwa hupenda kuona wawindaji wakipewa siku zaidi.

Hoja ya tatu ilikuwa ya fedha za kuwatunza wanyama wenyewe. Tangu mwaka 1937 Marekani ina sheria ya taifa inayotoza kodi juu ya bunduki na risasi, na fedha hizo hugawiwa majimbo kwa kazi ya wanyama wa porini. Ada za laiseni nazo huingia katika kazi hiyo. Vijana wakiacha kuwinda kwa kukosa siku, mfuko wa kuwalinda wanyama hupungua pia.

Hoja ya nne ilihusu dhamiri. Msabato au Myahudi aitunzaye Jumamosi hawezi kuwinda siku hiyo kwa sababu ya imani yake, wala hakuweza kuwinda Jumapili kwa sababu ya sheria. Mtu wa namna hiyo hakuwa na hata siku moja ya mwisho wa juma.

HOJA ZA WALIOPINGA

Haifai kudhani kwamba waliopinga walikuwa watu wa kushikilia mambo ya kale tu. Hoja zao zilikuwa na uzito.

Watu wapendao kutembea msituni walisema kwamba wao pia hufanya kazi juma zima. Wakati wa msimu wa bunduki, Jumapili ilikuwa siku yao ya pekee ya kuingia msituni bila hofu ya risasi. Ikiondolewa, hawatakuwa na siku hata moja ya mwisho wa juma. Waendao kanisani hawakutaka mlio wa bunduki uchanganyike na sala. Wengine waliona kwamba wanyama nao wastahili siku moja ya kutofukuzwa.

Wako pia wenye mashamba ambao hawakukataa uwindaji wenyewe, ila walichoshwa na watu waingiao bila kubisha hodi. Kwao Jumapili ilikuwa siku ya kukaa nyumbani na jamaa zao bila kutazama ni nani aliye nyuma ya ghala na bunduki. Walisema kwamba ikiwa sheria haiwezi kumzuia mvamizi siku sita, kumwongezea siku ya saba ni kuwazidishia taabu.

Kwa hiyo pande zote mbili zilikuwa zikitetea kitu kile kile kilicho haba, yaani siku ya mapumziko ya mtu wa kazi.

VIRGINIA: MWENYE SHAMBA KWANZA

Virginia ilianza mwaka 2014. Sheria iliyotiwa sahihi na Gavana Terry McAuliffe iliruhusu uwindaji wa Jumapili katika mashamba ya watu binafsi, kwa ruhusa ya mwenye shamba. Iliweka mpaka pia, kwamba mtu asiwinde karibu na nyumba ya ibada chini ya yadi 200, yaani kama meta 180. Tena haikuruhusu kuwinda kulungu kwa msaada wa mbwa siku hiyo, kwa kuwa mbwa wakikimbia hawajui mpaka wa shamba.

Hatua hiyo ilikuwa rahisi kwa sababu haki ya mwenye shamba ilikuwa wazi. Lakini ilileta jambo ambalo halikupendeza. Mtu mwenye shamba lake, au mwenye rafiki aliye na shamba, alipata siku mbili katika mwisho wa juma. Asiye na shamba, ambaye tegemeo lake ni msitu wa umma, alibaki na siku moja. Laiseni ilikuwa ya jimbo lile lile na mnyama alikuwa amana ya watu wote, lakini sheria iligawanya siku kwa kutazama nani ana ardhi na nani hana.

Hali hiyo ilidumu miaka minane. Mwaka 2022 bunge la Virginia lilipitisha sheria ya kufungua Jumapili katika ardhi ya umma pia, na Gavana Glenn Youngkin akaitia sahihi. Ilianza kutumika tarehe 1 Julai mwaka huo. Mpaka wa yadi 200 kutoka nyumba ya ibada ulibaki, na katazo la kuwinda kulungu kwa mbwa siku ya Jumapili likabaki pia.

PENNSYLVANIA: HABA NA HABA

Pennsylvania ilifuata njia nyingine. Mwaka 2019 Gavana Tom Wolf alitia sahihi sheria iliyofungua Jumapili tatu tu kwa mwaka. Moja ilikuwa katika msimu wa kulungu kwa upinde, moja katika msimu wa kulungu kwa bunduki, na ya tatu iliachwa ichaguliwe na idara ya wanyama. Jumapili za kwanza zilikuwa tarehe 15, 22 na 29 Novemba mwaka 2020.

Jambo la kuangaliwa zaidi ni lile walilopewa wenye mashamba katika sheria hiyo hiyo. Zamani askari wa wanyama hakuweza kumshtaki mwindaji kwa kuvamia shamba peke yake, ila akimkuta na kosa jingine la uwindaji. Sheria ya mwaka 2019 ililifanya kosa la kuvamia kuwa kosa kamili linalojitegemea. Tena mtu atakaye kuwinda Jumapili katika shamba la mtu binafsi alitakiwa awe na ruhusa ya mwenye shamba iliyoandikwa. Basi mwindaji alipata Jumapili, naye mwenye shamba akapata ulinzi aliokuwa akiulilia kwa miaka mingi.

Watu wakaona Jumapili tatu zikipita, mwaka hata mwaka. Chama cha wakulima cha jimbo, ambacho zamani kilikuwa mpinzani mkubwa, kilifika mahali pa kuunga mkono badiliko lililo kubwa zaidi. Tarehe 9 Julai 2025 Gavana Josh Shapiro alitia sahihi sheria iliyofuta katazo la zamani na kuiachia idara ya wanyama kazi ya kupanga Jumapili za kuwinda. Kwa msimu wa mwaka huo idara ilifungua Jumapili 13, tangu tarehe 14 Septemba mpaka tarehe 7 Desemba. Haba na haba hujaza kibaba. Tangu katazo lilipoanza mpaka lilipofutwa ilipita miaka 152.

MIPAKA YA SAA NA YA MAHALI

Jimbo la North Carolina lafundisha jambo jingine. Lilipofungua Jumapili katika mashamba ya watu binafsi mwaka 2015, liligawanya siku yenyewe. Kuwinda kwa bunduki kulikatazwa tangu saa tatu na nusu asubuhi mpaka saa sita na nusu mchana, yaani wakati wa ibada katika makanisa mengi, na mwindaji alitakiwa awe mbali na nyumba ya ibada kwa yadi 500. Sheria ya mwaka 2017 ilifungua mlango kwa ardhi ya umma, na mwaka 2021 idara ya wanyama ya jimbo ikaruhusu uwindaji wa Jumapili katika sehemu kadhaa za ardhi hiyo. Sehemu nyingine ziliachwa na utulivu wake wa Jumapili, ili watembeao kwa miguu na wapanda farasi wawe na mahali pao.

Pamoja na mipaka hiyo ziko kanuni za kawaida za usalama. Katika misimu ya bunduki majimbo mengi humtaka mwindaji avae nguo ya rangi ya machungwa inayong'aa, ili mwenzake asimdhanie kuwa mnyama. Pennsylvania hukataza kuwinda kwa bunduki chini ya yadi 150 kutoka nyumba wakaamo watu, bila ruhusa yao. Mtembea kwa miguu naye hushauriwa avae rangi hiyo hiyo aingiapo msituni wakati wa msimu.

MAINE: MAHALI AMBAPO KATAZO LILISIMAMA

Isidhaniwe kwamba njia ni moja kwa wote. Katika jimbo la Maine, zaidi ya sehemu tisa katika kila kumi za ardhi ni mali ya watu binafsi na makampuni. Hata hivyo, kwa desturi ya zamani, wenye ardhi wengi huwaacha watu kupita na kuwinda bila malipo, maadamu hawajaweka kibao cha kukataza. Watu wengi wa huko waliogopa kwamba Jumapili ikifunguliwa, wenye ardhi watachoka na kuweka vibao, na desturi hiyo njema itakufa. Kwao Jumapili tulivu ni kama shukrani wampayo mwenye ardhi kwa siku nyingine sita.

Mwaka 2021 raia wa Maine walipiga kura kuongeza katika katiba yao haki ya mtu kujipatia chakula. Wawindaji wengine wakaenda mahakamani kudai kwamba haki hiyo imeliondoa katazo la Jumapili. Mwaka 2024 mahakama kuu kabisa ya jimbo hilo ilikataa dai lao, na katazo likasimama. Waliotaka badiliko waliambiwa, kwa maana yake, kwamba njia yao ingali ni ile ya bunge.

FUNZO

Mambo matatu yaonekana katika habari hizi. Kwanza, ardhi ya umma ni ngumu kuitungia sheria kuliko shamba la mtu, kwa kuwa wenyewe ni wengi na haki zao ni sawa. Lakini ikiachwa nyuma, anayeumia ni yule asiye na ardhi yake mwenyewe. Kwa sababu hiyo serikali haiwezi kulikimbia jambo hilo kwa kusema kwamba ni gumu.

Pili, katazo lililegezwa kwa amani pale ambapo aliyepinga alisikilizwa na kupewa kitu halisi: yadi 200 kuzunguka nyumba ya ibada, saa tatu za utulivu, barua ya ruhusa, au askari mwenye nguvu ya kumshtaki mvamizi. Maneno matupu ya kumtuliza hayakutosha.

Tatu, kujaribu kidogo kwanza ni njia ya busara. Jumapili tatu za Pennsylvania ziliwapa watu muda wa kuona kwa macho yao kile walichokiogopa kwa masikio. Waliokuwa na hofu ya kweli walipata nafasi ya kueleza yaliyoharibika, na sheria iliyofuata ilitungwa na watu waliokwisha kuona.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA BARAZA AU DARASA LA WATU WAZIMA

1. Kwa nini ilikuwa rahisi kufungua Jumapili katika shamba la mtu binafsi kuliko katika msitu wa umma?

2. Katika Virginia, tangu mwaka 2014 mpaka 2022, ni nani aliyepata faida na ni nani aliyekosa? Je, hiyo ilikuwa haki?

3. Mtu anayetaka kutembea msituni bila hofu, na mtu anayetaka kuwinda, wote wana Jumamosi na Jumapili tu. Baraza lenu lingegawanyaje siku, saa au mahali?

4. Taja kitu kimoja katika mtaa wenu kilicho mali ya watu wote. Ni kanuni gani ya zamani inayokilinda, na kama ingebadilishwa, ni nani angepaswa kusikilizwa kwanza?